Chachu Niliyoichoma

Jumatano, 24 Septemba 2025

Jana sikuandika. Ilikuwa Sikukuu ya Baragumu, siku ya pumziko. Leo naandika kwa sababu nikinyamaza tena nitapasuka.

Ndugu Masunga wa kusanyiko letu, sisi tunaomwamini Masihi na kushika sikukuu za Kiyahudi, ndiye aliyepiga pembe. Mwaka jana alileta pembe ya ng'ombe, Mwalimu Meshack, kiongozi wetu, akaikataa, ikabidi aelezwe mara tatu kwamba inatakiwa ya kondoo dume. Akanuna wiki nzima. Msukuma na ng'ombe wake! Safari hii kaleta ya kondoo, kaichonga mwenyewe, na imelia mpaka jirani wa duka la mbao akatoka mbio kuuliza nani kafariki. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikajikuta nalia. Nikasingizia vumbi. Mwezi huu hapa Sumbawanga vumbi linasingiziwa mengi.

Mwalimu alifundisha habari ya siku kumi. Tangu baragumu hadi Siku ya Upatanisho, siku kumi za kutubu na kujiweka tayari. Mwaka huu Upatanisho unaangukia Alhamisi tarehe mbili, ila kufunga kunaanza Jumatano jua likizama. Akasema: uliyomkosea Mungu utayamaliza na Mungu siku hiyo. Uliyomkosea mtu — huyo mtu ana mlango, nenda ukabishe hodi. Masihi hatakulipia nauli.

Watu wakaitikia amina. Wengine walishaanza kuhesabu vidoleni. Mimi sikuwa na cha kuhesabu. Nina jina moja tu.

Mama.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Nimeshona suruali mbili za shule leo, zote mguu mmoja mrefu. Nimefumua, nimeshona tena. Mteja kaniuliza fundi unaumwa? Nikamwambia cherehani ndiyo inaumwa.

Haya. Niandike basi. Hakuna atakayesoma.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mama alikuja kukaa kwangu hapa mtaa wa Chanji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia bandeji, la kushoto anaona vivuli tu. Akitaka kwenda uani namshika mkono. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa na miezi minne kwenye kusanyiko. Nilikuwa moto! Nimeacha kanisa nililobatizwa, nimeacha nguruwe, nimeacha kushona Jumamosi, nilijiona nimefika. Pasaka yetu ikakaribia. Mwalimu akatufundisha kutoa chachu ndani ya nyumba, kila punje, na asubuhi yake kuichoma moto.

Nikasafisha nyumba yangu kama mwendawazimu. Nikatoa mkate, hamira, hata kimea cha ulezi alichokuja nacho mama ndani ya mfuko wa rambo. Nikainua mto wake nikung'ute makombo. Nikaiona rozari.

Nikajiambia: na hii ni chachu.

Hakuna aliyenituma. Mwalimu hakutaja rozari. Nilijituma mwenyewe.

Ilikuwa rozari ya Adriano, mdogo wetu wa mwisho. Aliitunga kwa mkono wake akiwa seminari, kwa mbegu nyeusi za porini. Malaria ilimpanda kichwani, akafa ana miaka kumi na tisa. Walituletea begi lake, na ndani ya begi hiyo rozari. Mama alikuwa ameisali kila jioni, miaka ishirini na miwili. Alishatuambia wote: nikifa mniviringishie hii mkononi.

Niliitupa motoni pamoja na mkate. Zile mbegu zikawa zinapasuka kama bisi. Mama akauliza kutoka chumbani, Albina, unachoma nini mbona kunanuka hivyo?

Nikamjibu: takataka, mama.

Siwezi kuendelea leo.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Naandika haraka kabla ya Shabati, pumziko letu la Jumamosi, kuingia.

Lile lilikuwa Juma Kuu la Wakatoliki. Mama akataka rozari yake. Akapapasa chini ya mto, chini ya godoro, akashuka sakafuni na bandeji yake akawa anapapasa kwa viganja vyote viwili hadi mlangoni. Siku mbili! Na mimi nimesimama namwangalia. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulifunguka — nikasema, labda uliiacha Matai, mama.

Basi akarudi Matai na neno langu. Anaishi kwa kaka Baltazari, ambaye ni kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa. Wakatafuta nyumba nzima, hawakuipata. Sasa nani alimfungia mama begi siku anakuja hospitali? Salome, mke wa kaka. Wifi yangu. Mama akaunganisha. Akasimama kwenye jumuiya mbele ya watu akasema aliyeichukua rozari ya marehemu mwanangu ni huyu anayenipikia.

Nilisikia habari hiyo wiki ileile. Kaka alinipigia simu, ana huzuni. Nikasema pole.

Pole! Mimi!

Tangu hapo Salome haingii sebuleni watu wakisali. Anakaa jikoni mpaka waondoke. Mama hamruhusu hata kumfulia kanga. Kitu kikipotea pale mtaani, wanawake wanataniana: mwulizeni Mama Mary. Mama Mary ni Salome.

Na mimi? Mimi nilisimama kusanyikoni nikatoa ushuhuda kwamba nimechoma sanamu za nyumba ya baba yangu. Nilipigiwa makofi. Nilikaa chini nimejaa kama kitumbua.

Mchana nilimwendea Mwalimu nikamwambia yote. Yale ya mama kupapasa sakafu hakuwahi kuyajua. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema nimpigie mama simu niombe radhi. Nikamwambia Mwalimu, mama ana miaka sabini na tisa, hili si jambo la simu. Akasema basi nenda Jumapili. Lakini alivyosema, alikuwa anaangalia meza.

Jua linashuka.

Jumapili, 28 Septemba 2025

Nimetoka Matai.

Nilifika watu wametoka misa. Kaka alikuwa kanisani kwenye kikao, Salome alikuwa kisimani. Nikasema afadhali. Mama yuko uani kwenye jamvi anapepeta ulezi. Nikapiga magoti. Shikamoo mama. Akaitikia, akaniangalia na lile jicho lililopona, akasema: umekonda, hao Wayahudi wako hawakulishi? Halafu akacheka. Mama yangu akicheka ananikosesha nguvu kabisa.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakanitoka. Nikasema tu: mama, rozari ya Adriano niliichoma mimi. Siku ile ulipouliza unachoma nini. Ndiyo hiyo.

Akaendelea kupepeta. Nikadhani hajasikia. Ungo ukaenda juu, chini, juu, chini, halafu ukasimama. Ulezi ukawa unamwagika pembeni na yeye haoni.

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza: na Salome?

Nikasema Salome hakuchukua kitu, mama.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa kwa laana hata, lakini sikujiandaa kwa ule uso. Akasema taratibu sana, kwa Kifipa, kwamba mimi nimemfanya mwongo. Kwamba miaka miwili na nusu anapokea komunyo kila Jumapili na uongo wangu uko mdomoni mwake. Kwamba binti wa watu amempikia, amemchotea maji ya kuoga, ameitwa mwizi, na hajamjibu neno baya hata siku moja.

Baadaye, kwa Kiswahili, kama vile anaongea na mtu wa ofisini: Adriano ulimwita takataka.

Nililia mpaka kamasi. Nikamshika miguu. Nikamwambia mama nisamehe, Alhamisi ni Siku ya Upatanisho, sitaki inikute hivi.

Akasema: usiniharakishe, Albina. Wewe ndiye mwenye tarehe. Mimi sina.

Ee Mungu wangu.

Kisha akaniambia neno moja la mwisho. Jumatano ni tarehe mosi Oktoba, mwezi wa rozari unaanza, na jumuiya inaanzia hapa nyumbani, saa kumi na mbili jioni. Alimsema Salome mbele ya watu. Basi asafishwe mbele ya watu walewale. Hatamwambia Salome wala Baltazari kitu. Mdomo uliosema labda uliiacha Matai ndio uje useme.

Jumatano jioni! Jioni ileile! Jua likizama ndipo Upatanisho unaingia. Natakiwa niwe Sumbawanga nimevaa nyeupe, nimesimama na ndugu. Siyo Matai, sebuleni, katikati ya Salamu Maria.

Sikumwambia. Nilisema ndiyo mama.

Wakati naondoka nilikutana na Salome njiani, ndoo kichwani. Akashangaa, wifi mbona huagi? Ungalikaa japo unywe chai. Nikamdanganya kwamba nawahi gari.

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mwalimu kakataa nisiende Jumatano.

Anasema niende Ijumaa, Upatanisho ukishapita. Nikamwuliza, si wewe uliyesema kabla? Kabla, ulisema! Mtu ana mlango! Akasema ndiyo, lakini hakusema niuingie usiku mtakatifu kukaa kwenye ibada niliyoiacha. Akasema jua likinizamia pale hajui ataniombeaje. Hakusema kwa ukali. Ni mtu mpole, na upole wake ndio uliniudhi. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia makofi ulinipigia upesi, Mwalimu, lakini mama yangu unataka nimweke foleni. Nikaondoka bila shalom.

Sasa nina watu watatu wa kuwaomba radhi. Siku kumi hizi zinaniongezea badala ya kupunguza!

Jioni Masunga kapita kuchukua suruali yake. Katoka Laela. Kumbe naye anahangaika na lake. Mwaka jana ng'ombe wake walimaliza mahindi ya mzee mmoja anaitwa Mboje, na yeye akakana, akasema ni ng'ombe wa jirani. Wiki iliyopita alikwenda kukiri, akafukuzwa na mbwa. Ijumaa akaenda tena, mzee akamgeuzia mgongo. Leo mara ya tatu.

Nikamwuliza, amekusamehe?

Akasema: hapana dada, lakini amenipa kigoda.

Akacheka na mapengo yake yale. Nikamweleza la kwangu. Aliwaza sana, anakunja suruali anakunjua. Akasema yeye hajui maandiko kama Mwalimu, yeye ni mtu wa kupiga pembe. Ila akasema huyo wifi yako, kila jioni mwezi mzima atakaa jikoni akisikia watu wanasali sebuleni kwake. Ukienda Ijumaa, utakuwa umemwongezea jioni mbili.

Jumanne, 30 Septemba 2025

Sijashona. Nimekaa tu.

Naogopa, niseme ukweli. Mama ananiogopesha kidogo, watu wananiogopesha zaidi. Lakini ninachokiogopa kabisa ni hiki: nisipokuwa na ndugu zangu jua likizama, na mama asiponisamehe, nitakuwa sina pa kusimama. Huku nimetoka, kule nimejifungia mlango mwenyewe. Na kitabu cha uzima, Mungu anakifunga Alhamisi, Siku ya Upatanisho.

Nimejaribu kuomba. Kila nikifumba macho naviona vile viganja sakafuni.

Mwalimu kapita. Nilidhani kaja kunikaripia. Kakaa kwenye benchi la wateja, kakataa chai. Akasema hajalala vizuri. Akasema yeye ndiye aliyetufundisha kuitafuta chachu chini ya vitanda vya watu, na hakutufundisha kuuliza kitanda ni cha nani. Nilimwomba radhi kwa maneno ya jana. Akasema na yeye.

Hakuniambia nenda. Hakuniambia baki. Alipofika mlangoni akasema kama nitasafiri, nile vizuri kabla ya jua kuzama, nisije nikaanguka.

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Saa kumi jioni. Matai.

Nimekuja. Nimevaa gauni langu jeupe, la Upatanisho. Kwenye gari wakanidhania nesi.

Kaka Baltazari kanipokea kwa furaha ya kuniumiza. Tumsifu Yesu Kristo! Mdomo wangu ukaitikia wenyewe, milele na milele, kabla sijaukamata. Anadhani nimerudi kanisani. Anahangaika na viti, anaimba. Mama yuko barazani. Kaniitikia shikamoo yangu tu.

Niko chumbani kwa mama, naandika ili mikono ipate kazi.

Saa kumi na moja na nusu.

Salome kaniletea chakula. Ugali wa ulezi, maharage, na samaki. Akasema: wifi, nilisikia ninyi hamli kambale, asiye na magamba, kwa hiyo nimekutafutia mgebuka wa ziwani. Nilitaka kuku lakini sikujua mnachinjaje.

Alikwenda sokoni kwa ajili yangu. Aliulizia. Huyu niliyemwacha aitwe mwizi miaka miwili na nusu, aliulizia samaki gani mimi nakula!

Alishika jagi aninawishe. Nikasema Salome, weka jagi chini. Sikuweza kungoja mbele ya watu, haki ya Mungu. Kumwacha asikie pamoja na majirani, kama habari ya mtu mwingine — hapana. Nikamwambia pale pale, mikono imelowa. Niliichoma mimi. Nilimdanganya mama kwamba aliiacha huku. Nilijua wanakusema wewe. Nilijua siku zote. Na jioni hii nitayasema haya mbele ya wote.

Hakupiga kelele. Aliketi kitandani. Akauliza: tangu lini ulijua? Nikasema tangu mwanzo. Akauliza tena, kama hakusikia: tangu mwanzo?

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mary, binti yao, mwaka jana aliletewa posa na watu wa Laela. Walikaa, walikula, walikubali. Wiki moja baadaye wakatuma mtu kusema hapana. Waliambiwa mama yake ni mdokozi, anaiba hata vya marehemu. Mary hakumlaumu mama yake. Alifunga nguo zake tu akaenda Mpanda kwa shangazi, na simu anapiga kwa nadra.

Nikasema sikujua, wifi. Neno la kijinga kuliko yote niliyosema mwaka huu.

Akasema kula, utafunga na njaa. Akatoka.

Nimekula. Kila tonge limepita kama jiwe, lakini nimemaliza sahani. Ningeirudisha imejaa ningemtukana mara ya pili.

Saa kumi na mbili na robo.

Watu wamejaa. Nasikia viti, kikohozi, watoto wananyamazishwa. Kaka kaanza rozari. Matendo ya Utukufu, yote matano.

Mama aliingia kuchukua kitambaa chake cha kichwa. Akaniangalia na gauni langu jeupe. Nikamwambia mama, nimeshamwambia Salome. Akatingisha kichwa, sijui ndiyo, sijui hapana. Kisha akavuta kola yangu iliyokunjika nyuma, akainyoosha, akatoka. Sitaki kulipa jina jambo hilo. Pengine hakupenda tu kola iliyokunjika.

Hana rozari. Nimeona. Anasali kwa vidole.

Tendo la tatu sasa. Jua limeshagusa vilima. Dirisha lote limekuwa jekundu. Huko Sumbawanga wanajipanga. Ee Baba, sijui kama nipo mahali ulipotaka nisimame. Najua tu kwamba nisingeweza kusimama mahali pengine.

Tendo la nne. Jua limezama. Nimeshaanza kufunga. Sitakiwi kuwa naandika, najua, najua.

Mlango wa jikoni umefunguliwa. Hatua. Kule sebuleni sala imeyumba kidogo, watu wamepoteza mstari, halafu imeendelea. Ni Salome. Ameingia sebuleni. Namsikia akivuta kigoda, siyo karibu na mlango, mbele kabisa. Sauti yake imo sasa, iko juu ya zote, haitetemeki. Sauti ya mama haimo tena.

Tendo la tano limekwisha. Wamefunga kwa wimbo. Kaka anauliza kama kuna mwenye nia ya kuombewa, kabla ya kutawanyika.

Watu wanaanza kunyanyuka, viti vinaburuzwa. Na Salome anasema, bila haraka, kila mtu amsikie:

Kaeni. Wifi yangu yuko chumbani, anakuja. Sitaki aondoke hata mmoja.